Kaini wa Msimu wa Maharage

Nilipokuwa mtoto, msimu wa kupanda maharage niliujua kwa masikio. Niliusikia kupitia ukuta wa jikoni: majembe yakigonga udongo uliolowa, Mama akikohoa, Nyogokuru akiwafukuza kuku wasifukue mbegu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kijiti kimepitishwa kwenye pete ya komeo. Wala sikuwa mtukutu. Nilifungiwa kwa sababu ya Kitabu cha Mwanzo.

Kwetu ni Chonyonyo, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na maharage chini ya migomba. Nyogokuru alikuwa mama yake baba. Alivuka kutoka Rwanda akiwa binti mdogo, na ingawa aliishi Karagwe muda mrefu kuliko alivyowahi kuishi kwingine kokote, majirani walipotaka kumuudhi walimkumbusha kwamba ni mtu wa kuja. Mama yeye alitoka kwa wafugaji, huko Kyerwa, kwenye mbuga zilizo mbele ya Songambele. Ndoa yake na baba, watu waliiita ndoa ya maziwa na maharage, na hawakuwa wanaisifia.

Mimi nilizaliwa na baka jeusi usoni. Linaanzia kwenye paji, linashuka kando ya jicho la kushoto mpaka shavuni. Mama husimulia kwamba mwanamke aliyemsaidia kujifungua alidhani ni masizi, akalisugua kwa kitambaa chenye maji ya moto mpaka nikapiga kelele zangu za kwanza za maana. Nyogokuru alipoonyeshwa mjukuu alienda kuchukua Biblia.

Yafaa ujue jinsi alivyosoma. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye mafundisho ya kipaimara, na kitabu alichojifunzia ni hicho kimoja. Hakuwahi kusoma gazeti wala maandishi ya kwenye mfuko wa sukari. Kwa hiyo kila neno lililochapishwa, kwake, lilikuwa limetoka kinywani mwa Mungu, na yeye alikuwa analisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, akihakikisha halimtoroki. Kwenye sala ya jioni alipenda kuturudisha kwa Kaini na Habili. Kaini mkulima alitoa mazao, Habili mfugaji akatoa mnyama, na Mungu akapokea cha mfugaji. Kaini akamuua mdogo wake. Ndipo ardhi ikaambiwa isimpe tena nguvu zake, naye akaambiwa atatangatanga duniani bila makao, kisha akatiwa alama. Kidole cha Nyogokuru kilipofika kwenye alama kilisimama, na macho ya nyumba nzima yalihamia shavuni kwangu.

Watu wa kwetu wanaamini kuna mkono unaootesha na mkono unaoozesha. Mwenye mkono mbaya hakaribishwi kwenye mbegu, hata akiwa mama mwenye nyumba. Kwangu hapakuwa na haja ya kujaribu mkono, kwa kuwa uso ulikuwa umeshatoa jibu. Sikuruhusiwa kugusa kibuyu cha mbegu, kile kilichoning'inia juu ya mafiga, maharage yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Na siku za kupanda sikuruhusiwa hata kukanyaga shamba.

Ningekuwa nimefungiwa kwa fimbo, labda ningepiga teke mlango. Lakini Nyogokuru alinifungia kwa upole. Alinichomea ndizi, akanipa kwenye kipande cha jani la mgomba, akaniinamisha kichwa kunipitisha mlangoni.

"Ingia mjukuu wangu. Tutakufungulia tukimaliza."

"Nyogokuru, kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ardhi inakufahamu."

Kisha nikasikia kijiti kikiingia kwenye pete. Ndizi ilikuwa tamu na nilikuwa nailia ndani ya kifungo. Moshi ulikuwa unanitoa machozi, hivyo hata kama nililia hakuna aliyeweza kujua. Palikuwa na mwanya ukutani, udongo ulipobanduka kwenye fito. Kupitia mwanya ule niliiona miguu ya mama ikifukia mbegu, mguu wa kulia, tena wa kulia, na niliutamani mguu ule kuliko kitu kingine chochote duniani.

Kuvuna, ajabu, nilivuna. Kupukuchua nilipukuchua mpaka vidole vikachubuka, na kula sikukatazwa. Kaini wa kwetu alikuwa Kaini wa kupanda tu. Baba aliona haya yote na hakuwahi kusema neno. Alikuwa mwema, lakini alikuwa mtoto wa mama yake kwanza.

Mwaka mmoja mvua iliwahi. Baba alikuwa ameenda kibarua mbali, na kazi ya kupanda ikawaangukia wanawake wawili, mama na mama mkwe, mmoja juu ya shamba, mwingine chini. Nilikuwa jikoni na ndizi yangu. Nikasikia kijiti kinachomolewa. Mama alisimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, matope mpaka magotini.

"Toka. Leo unapanda na mimi."

"Nyogokuru je?"

"Nyogokuru yuko juu. Toka, mvua haitungoji."

Alinipeleka sehemu ya chini kabisa, bondeni, karibu na mfereji. Akanimiminia mbegu kwenye kiganja pamoja na majivu yake. Nakumbuka ubaridi wa zile mbegu, na jinsi nilivyokuwa naziangusha kwenye shimo polepole, nikiogopa zisije zikasikia ni nani. Kisha nikafukia kwa mguu wa kulia kama nilivyomwona mama. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuipunguza kwa maneno ya utu uzima. Nilikuwa nje, mchana, kwenye shamba la nyumbani kwetu, na anga halikuanguka.

Nyogokuru alituona tukiwa mstari wa mwisho. Hakupaza sauti. Aliweka jembe chini, naye akakaa palepale kwenye matope na gauni lake.

"Mke wa mwanangu, umefanya nini?"

"Nimepanda na mwanangu, Mama. Hana kosa."

"Sijasema ana kosa."

Mvua ilinyesha, ikanyesha tena. Maharage ya juu yalitoka, majani mawili mawili, yakapendeza. Sehemu ya chini, ile niliyopanda, ikabaki udongo mtupu. Kila asubuhi kabla ya shule nilipitia kuangalia. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikachimbua kwa kidole. Mbegu ilikuwa imevimba, imepasuka, imekuwa laini na inanuka. Nikachimbua nyingine, nayo hivyo hivyo.

Leo ninaweza kukueleza vizuri: pale ni bondeni, maji yalituama, na maharage hayapendi kukaa kwenye maji. Angepanda hata askofu yangeoza. Lakini wakati ule hakuna aliyenieleza, na mimi mwenyewe sikuuliza. Niliamini. Nilikaa karibu na mfereji nikautazama mkono wangu, nikaona kwamba Nyogokuru alikuwa amenificha jikoni kwa huruma, ili nisijijue. Hilo ndilo lililonivunja. Kufungiwa na mtu mwingine nilikuwa nimekuzoea, ila siku ile nilijifunga mwenyewe.

Nyogokuru hakushangilia kwamba neno lake limetimia. Alilia. Usiku wa siku ile hakusoma Biblia, akaomba tu kwa Kinyarwanda, kwa muda mrefu. Kulipokucha akamwambia mama, kwa adabu, anipeleke kwa wajomba zangu mpaka mavuno, shamba lipumzike na mimi. Mama alinifungia nguo zangu kwenye kitambaa, na maharage yaliyopikwa ya kula njiani, tukapata lifti kwenye gari la ndizi.

Babu, baba yake mama, alikuwa mtu mrefu wa sauti kubwa na majivuno yasiyo na kificho. Alikuwa Mkristo wa siku nyingi, lakini ungemsikiliza ungedhani Biblia iliandikwa ili kuwaongoza watu kwenye ufugaji. Ibrahimu alikuwa na mifugo. Yakobo alijua kuzalisha mbuzi wenye madoa. Daudi alitolewa machungani. Wakulima, kwa maelezo yake, waliingizwa kwenye Maandiko ili wawe na cha kutubu.

Tulimkuta zizini wanapiga ndama chapa. Chuma kilikuwa kwenye moto, vijana wamemlaza ndama. Nikaogopa harufu ya nywele zinazoungua.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Sogea nikuone. Hii ya usoni bibi yako anaiitaje?"

"Ni alama ya Kaini."

Alicheka mpaka vijana wakageuka. "Haya, niambie. Hawa ng'ombe nawapiga chapa kwa sababu nawachukia?"

Akanawa mikono, akaingia ndani, akarudi na Biblia yake iliyofungwa kwa ngozi, akanisomea sura ileile ya Nyogokuru. Lakini hakusimama pale Nyogokuru alipokuwa anasimama. Aliendelea. Kumbe Kaini alimwambia Mungu kwamba yeyote atakayemwona atamuua, na Mungu akamtia alama ili mtu asimuue.

"Unaona? Hiyo ni chapa. Chapa maana yake mnyama huyu ana mwenyewe. Mwizi akiiona anapita."

Nilikuwa nimeisikia sura ile tangu tumboni, na sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. Nilijigusa shavu. Kwa mara ya kwanza niliona kama si uchafu. Jioni ile nilimpenda Babu kupita kiasi.

Kisha vibuyu vya maziwa vikaanza kuzungushwa. Kilipofika kwangu Babu akakizuia kwa mkono.

"Mchana umekula nini?"

"Maharage, Babu. Ya njiani."

Kibuyu kikanipita. Kwao, aliyekula maharage hanywi maziwa siku ile, akinywa chuchu za ng'ombe zitatoa damu. Hakunikemea, alitaka tu kulinda ng'ombe wake. Kesho yake nilikula ndizi peke yake ili nipate maziwa, nikapata, lakini kila nilipopokea kibuyu walinitazama mdomo. Binamu zangu wakanipa jina, Mwana wa Maharage, na wakawa wananiuliza kama nikitembea zizini nyasi zinaota mboga. Babu mwenyewe aliongeza chumvi: Mungu alichagua nyama, akawaachia watu wa bibi yangu mboga zao, na mimi nimshukuru nimetolewa huko.

Mama alirudi Chonyonyo, nikabaki. Mavuno yakafika, yakapita. Baba alipokuja kunichukua Babu alimkaribisha, akamnywesha, akamzungusha zizini kutwa nzima, na alipotaja safari akaambiwa mtoto haondoki.

"Mnyama mwenye chapa hatoki kwenye zizi lake," Babu alisema. "Nyinyi mlimwona ni laana. Sisi tumemwona ni wetu. Mwacheni."

Nilikuwa nimesimama katikati yao nimekamata nguzo ya lango. Baba akatazama chini, kama kawaida yake. Mimi nikaelewa, kwa akili ya kitoto lakini vizuri kabisa, kwamba alama iliyonifungia jikoni kwa Nyogokuru sasa inanifungia zizini kwa Babu. Wote wawili walikuwa na Biblia, na wote wawili walikuwa na mahali pa kuniweka.

Baba alirudi mikono mitupu. Aliyenitoa ni mama. Alikuja mwenyewe baada ya majuma kadhaa, amechoka na vumbi, akamwamkia baba yake kwa magoti, akakataa kukaa.

"Baba, nimekuja kumchukua."

"Ana chapa yangu."

"Huyu si ng'ombe, Baba."

Babu akatupisha langoni, na hakukanyaga kwetu kwa miaka mingi.

Nilirudi na ushujaa wa kuazima. Nilimkuta Nyogokuru uani anapukuchua maharage, nikamwamkia, nikakaa mbele yake nikamwambia yote: chapa, mwizi anapita, alama ni ulinzi. Nilimwambia kwamba yeye huwa anaishia njiani, hasomi mpaka mwisho. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Babu yako akihama anahama na ng'ombe wake," alisema. "Akifika, ana maziwa. Mimi nilihama na mtungi mtupu."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu. Walipokuwa wanakimbia, hata baada ya kuvuka mpaka, kila walipofika mahali mama yake alipanda maharage. Walipanda, yakaota, na kabla hayajakomaa wakafukuzwa, wakaenda kupanda kwingine. Aliyavuna kwa mara ya kwanza alipofika Karagwe, tayari ni msichana mkubwa. Mengi ya yaliyoandikwa kuhusu Kaini hakuyahitaji kufafanuliwa, alikuwa ameyatembea kwa miguu.

"Mbele nasoma," alisema. "Usidhani sijui kilichoandikwa mbele. Lakini mimi hakuna aliyenitia alama watu wasinipige. Nikiona uso wako nasikia lile neno la kutangatanga. Siogopi wewe, mjukuu wangu. Naogopa kuondoka tena."

Nilimhurumia sana. Nilisogea nikaanza kupukuchua pamoja naye, na nikadhani mambo yamekwisha. Msimu uliofuata, mvua ya kwanza iliponyesha, alichoma ndizi akaiweka kwenye jani la mgomba, akaniinamisha kichwa mlangoni. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, naye alijua nimeelewa, na kijiti kikaingia kwenye pete vilevile.

Siku hizi naishi Nyakahanga, kazi yangu ni uuguzi. Watoto wenye mabaka wanazaliwa kila mara. Mengine hufifia, mengine hukua na mwenyewe. Mimi huwa simtazami mtoto, natazama bibi zake wanavyomtazama. Nikiona jicho linatafuta maelezo, nasogea na uso wangu huu na kuwaambia mtoto ni mzima. Baadhi huniamini. Wengine huangalia shavu langu kisha huangalia shavu la mtoto, na naona kwamba nimeharibu badala ya kutengeneza.

Kwenye jumuiya yetu ya wanawake tulifika sura hiyo mwaka huu. Mama mmoja wa mashambani alimwonea Kaini huruma: mtu amelima, ametoa jasho lake, anakataliwa bila kuambiwa kosa. Mwingine, wa kwenye mifugo, alisema kosa liko wazi, alileta chochote alichookota. Mwingine aliyemzika mtoto wake mjini alisema yeye humfikiria Hawa tu, mama aliyepoteza wawili kwa siku moja, na hakuna aliyemuuliza kitu. Waliponigeukia mimi, niliinama kwenye ukurasa, na ndipo nikaona jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwa nimeliona. Haisemwi alama ilikuwa wapi. Haisemwi ilikuwa nyeusi. Haisemwi ilikuwa usoni. Inasemwa alama, basi.

Niliwaambia, na walinielewa kwa kunitazama. Mwanamke wa mifugo akanishika mkono. Nilitoka pale nimejaa, natembea barabarani kama mtu aliyeachiwa na mahakama. Kabla sijafika nyumbani furaha ilikuwa imepoa. Nyogokuru alisoma akitafuta kama atafukuzwa tena. Babu alisoma akitafuta mali yake. Mimi nilisoma nikitafuta mlango, nikaupata, na nani ataniambia kwamba ningeuona kama sikuwahi kukaa jikoni? Nami nasoma kwa uso wangu. Sijui mtu anaweza kusoma kwa kitu gani kingine.

Msimu huu wa kupanda nilikwenda Chonyonyo. Mama ndiye mwenye kibuyu cha mbegu sasa, na hupenda tupande pamoja. Mimi hupanda. Mkono bado huwa unasita juu ya shimo la kwanza, kila mwaka, hata nikijiambia habari za maji yanayotuama. Nyogokuru yupo bado. Amezeeka sana, macho yamekwisha, na akili yake huenda na kurudi. Siku za jua tunamkalisha kwenye mkeka kando ya jikoni, anasikiliza.

Nilipita karibu yake kwenda kuongeza mbegu. Akainua kichwa.

"Mnapanda?"

"Ndiyo, Nyogokuru. Tunapanda."

"Mmemfungia yule mtoto?"

Mama aliacha kulima akanitazama. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa maharage na majivu. Nilimwona Nyogokuru alivyoshika ukingo wa mkeka, vidole vimekaza, na nikajua kwamba nikimwambia ukweli mwingine wowote hatalala.

"Tumemfungia," nikasema. "Yumo ndani."

"Mmempa ndizi?"

"Tumempa."

"Asilie."

"Halii, Nyogokuru."

Vidole vyake vikalegea. Nilirudi kwenye mstari wangu, nikaangusha mbegu, nikafukia kwa mguu wa kulia, na sikuona kama nimemdanganya. Yumo ndani kweli yule mtoto, anasikiliza majembe kupitia ukutani, nami niko hapa nje na mikono yenye majivu, na bado sijakiona kijiti cha kuchomoa.